Mbwa Watulie, Wageni Wasalimike: Mwongozo wa Sikukuu za Mwisho wa Mwaka kwa Kaya na Wafanyakazi wa Kibondo na Kasulu

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, mabasi yanayopitia Nyakanazi na Kakonko hushusha wageni Kibondo na Kasulu wakiwa na mabegi, watoto na zawadi. Kaya iliyozoea watu sita hulaza kumi na tano. Wakati huo wapo wasiopata likizo: mlinzi wa lindo la usiku, mhudumu wa gesti na baa, mwendesha bodaboda, mchinjaji, na yule dada au mama anayebaki jikoni wengine wakienda ibadani. Hao ndio wanaokutana na mbwa saa mbaya. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao na kwa kila mwenye mbwa.

Neno kuu la mwongozo ni moja: utulivu wa mbwa huandaliwa kabla ya sikukuu. Siku yenyewe ikishafika, kinachowezekana ni kidogo. Ndiyo maana maelekezo haya yamepangwa kwa kufuata kalenda, kuanzia wiki nne kabla ya Krismasi hadi baada ya Mwaka Mpya. Utaratibu huohuo unafaa pia kwa Pasaka, Idi na harusi kubwa.

1. Kinachomsumbua mbwa

Mbwa wa nyanda hizi ni mfanyakazi. Hulinda nyumba, hufuatana na ng'ombe, hufukuza nyani na ngedere kwenye mahindi. Maisha yake yana ratiba: mchana amefungwa, usiku anafunguliwa, chakula ni ugali uliobaki na vichwa vya dagaa. Watu wake anawajua kwa harufu, sauti na mwendo wa miguu.

Ndani ya siku chache ratiba hiyo huvunjika. Geti halifungwi, spika inapigwa hadi usiku wa manane, damu ya mbuzi inanukia uani, na watoto asiowajua wanakimbia mbele yake. Usiku wa tarehe 31 Desemba, saa sita ikigonga, fataki zinalipuka, matairi yanachomwa barabarani na masufuria yanagongwa. Sikio la binadamu hukoma kwenye mawimbi ya sauti ya takriban hezi 20,000. La mbwa hufika takriban 45,000, tena hunasa sauti hafifu tusizozisikia kabisa. Ongeza kwamba Desemba kwetu ni msimu wa mvua. Radi inapopiga na mvua ikashindilia bati, mbwa aliyefungwa chini ya bati hilo hana pa kukimbilia.

Jifunze kuitambua hofu kabla haijawa meno. Mbwa mwenye hofu hubana mkia katikati ya miguu, hulaza masikio nyuma, hulambalamba midomo bila chakula, hupiga miayo bila usingizi, hutetemeka, hugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana. Mwingine huganda kama gogo. Huyo ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa maana watu humdhania ametulia. Akinguruma, amekupa onyo la mwisho. Usimpige kwa kunguruma. Mbwa aliyefundishwa kwa fimbo kunyamaza, siku nyingine atang'ata bila kutoa onyo.

2. Wiki nne kabla: chanjo

Jambo la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa aliyechanjwa leo huhitaji takriban wiki tatu hadi nne kinga yake ikamilike. Kwa hiyo anayetaka mbwa salama siku ya Krismasi amchanje kabla Novemba haijaisha. Muone afisa mifugo wa kata, uliza siku na kituo, uondoke na kadi. Watoto wa mbwa nao wapelekwe, hata wale wadogo ambao watu huwaacha nyumbani kwa kudhani bado ni mapema. Afisa atakwambia lini warudie.

Uzito wa jambo hili uko kwenye hesabu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya binadamu kwa kichaa cha mbwa nchini Tanzania kuwa karibu 1,500 kwa mwaka. Duniani, karibu visa vyote vya watu hutokana na mbwa, na wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu hauna tiba. Kabla ya dalili, unazuilika kabisa.

Kuuzuia kunawezekana hapahapa nchini, na Pemba ni ushahidi. Baada ya kampeni za kuchanja mbwa, maambukizi yalikatika kisiwani humo mwaka 2014. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, kwa sababu watu waliingiza mbwa wenye maambukizi kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikaongezwa, na kufikia mwisho wa 2018 ukakomeshwa tena. Wataalamu huweka lengo la kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Tupate humo funzo la msafiri: usibebe mtoto wa mbwa asiyechanjwa kama zawadi ya sikukuu, iwe ni kutoka mjini kuja kijijini au kuvuka mpaka wa Burundi. Muulize kwanza afisa mifugo kuhusu chanjo na kibali cha kusafirisha mnyama.

Siku hiyohiyo ya chanjo uliza dawa ya minyoo inayoua tegu. Sababu yake iko sehemu ya nne.

3. Wiki ya mwisho: mahali, vifaa na msimamizi

a) Chagua msimamizi wa mbwa. Awe mtu mzima mmoja, anayetajwa kwa jina, ambaye mbwa anamtii. Nyumba yenye watu kumi na tano ambamo kila mmoja anadhani mwenzake amefunga mbwa, ndiyo ambayo mbwa wake hukutwa barabarani.

b) Tengeneza mahali pa utulivu. Stoo, jiko la nje lisilotumika au kona ya banda inatosha. Papendelee penye ukuta mnene au paa la nyasi, mbali na barabara na spika. Tandika gunia kavu na kanga kuukuu au shati lenye harufu ya mwenye nyumba. Weka maji kwenye chombo kisichopinduka. Mzoeze mapema: mlishe humo kila siku kwa wiki nzima, mlango ukiwa wazi, ili apaone kuwa kwake na asipachukulie kama adhabu.

c) Kagua mkanda wa shingoni na mnyororo. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Mnyororo umfikishe kwenye maji na kivuli bila kujizungusha kwenye mti, wala usifike njia ya wageni. Mbwa asifungwe kwa waya au kamba ya nailoni inayokata ngozi.

d) Ziba mianya ya uzio. Mbwa jike akiwa kwenye joto, mfungie ndani kabisa; bila hivyo madume ya mtaa mzima yatapigana mlangoni pako watoto wakipita.

e) Kwa anayesafiri: usimwache mbwa kwenye mnyororo ukamtegemea jirani “atapita”. Mkabidhi mtu kwa makubaliano, acha chakula na namba ya simu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumtunza na inakataza ukatili. Hata pasipo sheria, anayekulindia mwaka mzima hastahili kukaa siku nne bila maji.

4. Siku ya kuchinja

Harufu ya damu huita mbwa kutoka mbali, na ugomvi wa mbwa juu ya utumbo humrarua hata anayejaribu kuamua. Kwa hiyo mbwa wa nyumbani afungiwe kabla kisu hakijatolewa, afunguliwe baada ya uwanja kusafishwa.

Mwite mkaguzi wa nyama au afisa mifugo, hata kama ni mbuzi mmoja wa familia. Kwenye ini au mapafu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo huweza kuonekana vifuko vilivyojaa maji. Watu wengi huvikata na kumtupia mbwa. Hapo ndipo hatari inapoanza: ndani ya vifuko hivyo mna tegu wachanga, ambao hukua kwenye utumbo wa mbwa; mayai yao hutoka na kinyesi, hufika kwenye mboga, maji na mikono ya watoto. Mtu akiyameza, vifuko vilevile huota kwenye ini au mapafu yake na kukua polepole kwa miaka. Basi viungo vilivyokataliwa vichomwe au vifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Mbwa apewe mabaki yaliyochemshwa yakaiva vizuri, naye awe amekunywa dawa ya minyoo.

Yapo mengine ya kumnyima. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ncha kali na kutoboa utumbo. Pilau na mchuzi wenye vitunguu vingi humdhuru damu. Mafuta mengi kwa mpigo humletea kutapika na kuharisha. Pombe, iwe bia au ya ndizi, si mchezo wa kumchekesha mgeni. Kiasi kinachomchangamsha mtu kinaweza kumuua mbwa. Mpe chakula chake cha kila siku, saa yake ileile. Sumu ya panya na dawa za shambani zifungiwe juu, kwa kuwa nyumba yenye shughuli nyingi husahau zilipo.

5. Wageni, watoto na njia ya chooni

Msimamizi ampokee mgeni nje ya uzio mbwa akiwa amefungiwa. Mbwa akishatulia, amtoe kwa kamba, mgeni asimame ubavu bila kumkodolea macho, mbwa amnuse kwa hiari yake. Asipotaka, arudishwe, wala mgeni asilazimishwe. Wapo wageni, hasa ndugu zetu Waislamu, ambao mate ya mbwa huwalazimu kujitwaharisha kabla ya swala. Heshima ni kuwapangia njia na mkeka mahali mbwa hafiki, bila kungoja waombe.

Hatari kubwa katika maboma yetu iko usiku. Desturi ni kumfungua mbwa watu wakilala. Lakini choo kiko nje, na mgeni anaamka saa nane ya usiku asijue kama mbwa ameachiwa. Zingatieni utaratibu huu:

a) Mbwa asifunguliwe siku ambazo wageni wamelala nyumbani, au afunguliwe upande ambao hauna njia ya chooni.
b) Kama ni lazima afunguliwe kwa sababu ya ulinzi, wageni wote waambiwe kabla ya kulala, waoneshwe tochi ilipo na nani wa kumwamsha awasindikize.
c) Mzee na mtoto wasitoke peke yao.

Watoto waliokulia mjini wafundishwe siku ya kwanza, kwa maneno machache: usimguse mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha, usimkumbatie, usimkimbie. Mbwa mgeni akikujia, simama kama mti, mikono chini, macho chini, mpaka aondoke. Ukianguka, jikunje kama jiwe na ufunike shingo kwa mikono. Chezeni nao mfano wake uani mara mbili tatu. Mtoto hushika alichokifanya kwa mwili.

6. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya

Saa kumi jioni: mtembeze mbwa kwa kamba, achoke. Saa kumi na mbili: mlishe. Saa mbili usiku: mtoe ajisaidie, kisha mwingize mahali pake pa utulivu kabla ya mlipuko wa kwanza. Funga madirisha, ning'iniza blanketi au gunia, washa redio kwa sauti ya chini ya mazungumzo. Mfungue mnyororo akiwa chumbani. Mbwa anayeruka kwa hofu akiwa na mnyororo hujinyonga.

Akitetemeka, kaa naye. Kuwa karibu naye kwa utulivu hakumzoeshi woga, kama wengi wanavyodhani. Akijificha uvunguni, mwache humo, asivutwe. Asipewe dawa za binadamu: parasetamoli na dawa nyingine za maumivu zinaweza kumuua, na dawa za usingizi hutolewa na daktari wa mifugo peke yake kwa kipimo cha uzito. Kama mbwa wako kila mwaka huvunja mlango kwa hofu, muone mtaalamu huyo wiki mbili kabla.

Vijana nao waelezwe. Kupiga fataki kunahitaji kibali, na Jeshi la Polisi hulikumbusha hilo karibu kila mwisho wa mwaka. Mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa anaweza kuomba shangwe zifanyike uwanja mmoja, zisitapakae mlango kwa mlango. Hilo litawafaa mbwa, na pia wagonjwa, vichanga, na wale miongoni mwa majirani zetu waliokimbia vita Burundi na Kongo, ambao mlio wa ghafla usiku una maana nyingine kwao.

7. Kwa wanaofanya kazi siku hizo

Mlinzi: mkabidhiane mbwa zamu kwa zamu kama mnavyokabidhiana funguo. Andika kwenye daftari la lindo: amekula, amekunywa, amefungwa wapi, ana jeraha au hana. Usiku wa fataki usimtegemee mbwa akusaidie doria. Mbwa mwenye hofu hukimbia au humgeukia mlinzi mwenyewe. Mfungie, uongeze mizunguko yako.

Mwendesha bodaboda: barabara ya Nyakanazi hadi Kasulu ilipoanza kuwekwa lami, mwendo uliongezeka, na mbwa hawajajifunza mwendo huo. Karibu na makazi punguza gesi. Mbwa akikufukuza, usimpige teke. Ndiyo njia ya kuanguka wewe na abiria. Punguza mwendo hatua kwa hatua hata usimame ikibidi. Wengi huacha kufukuza kinachosimama.

Mhudumu wa gesti na baa: mifupa na masalia yasimwagwe mlango wa nyuma. Yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko na kufukiwa asubuhi. Mteja aliyelewa asiruhusiwe kumchezea mbwa wa mlinzi.

Mchinjaji: damu ioshwe, utumbo ufukiwe, ngozi zining'inizwe juu. Mbwa wanaojikusanya machinjioni kila siku watajwe kwa afisa mifugo wapate chanjo. Kuwapiga mawe huwatawanya tu kwenda kwenye nyumba za watu.

8. Mbwa akimng'ata mtu

Fuata mpangilio huu, bila kuruka hatua.

Kwanza, osha jeraha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tumia saa ya simu. Dakika 15 ni ndefu kuliko zinavyodhaniwa. Pasipo bomba, mmoja amimine kwa jagi na mwingine aoshe. Mkwaruzo mdogo na mate kwenye kidonda navyo vioshwe hivyohivyo. Usipake pilipili, mafuta ya taa, maji ya betri wala majani.

Pili, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata ikiwa Krismasi. Mmoja apige simu kuuliza chanjo ipo wapi wakati mwingine anaosha jeraha. Mtaalamu ataamua kuhusu chanjo na kinga nyingine kwa jeraha kubwa.

Tatu, maliza dozi. Ya kwanza hutolewa siku ya kufika, kisha hurudiwa siku ya 3 na ya 7, na katika utaratibu mwingine siku ya 14 au 28. Dozi nyingine zitaangukia sikukuu, zisirukwe. Mgeni anayerudi Dar es Salaam au Mwanza aondoke na kadi yake na kuendelea huko.

Nne, mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama, apewe chakula na maji kwa uangalifu, aangaliwe siku 10, na afisa mifugo ajulishwe. Kuangaliwa kwa mbwa kusicheleweshe chanjo ya mtu. Aliyemng'ata mgeni tarehe 26 Desemba aangaliwe hadi tarehe 5 Januari. Mgeni atakuwa ameshaondoka, hivyo mbadilishane namba za simu siku ya tukio. Mbwa akifa au akibadilika tabia, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza au akang'ata hata mawe na miti, msimguse. Mwite afisa mifugo, kwani sampuli ya ubongo ndiyo huthibitisha ugonjwa.

9. Shughuli zikishaisha

Asubuhi ya Januari mosi, kabla mbwa hajatolewa, okota uani masalia ya fataki, nyaya za matairi, chupa na mifupa. Kagua nyayo zake kama zimekatwa. Aliyepotea atafutwe mapema: mpe taarifa mwenyekiti na afisa mifugo, ulizia machinjioni na sokoni, weka kanga yake mahali alipokuwa akilala, kwa kuwa wengi hurudi wenyewe usiku mji ukitulia. Aliyerudi na jeraha la kuumwa na mbwa mwingine apelekwe kwa afisa mifugo hata kama amechanjwa.

Ratiba ya zamani irudishwe siku hiyohiyo: kamba saa ile, ugali saa ile, kufunguliwa saa ile.

10. Karatasi ya mlangoni

Andika kwa mkono, bandika mahali kila mgeni anapoona:

Msimamizi wa mbwa: jina na simu.
Mbwa hufunguliwa saa ngapi, upande gani.
Wa kuamshwa ukitaka kwenda chooni usiku.
Tarehe ya chanjo ya mbwa.
Simu ya afisa mifugo na ya kituo cha afya chenye chanjo.
Ukiumwa: sabuni, maji, dakika 15, kisha kituoni leo hii.

Kama kuna mstari mmoja ambao huwezi kuujaza leo, anza kazi ya mwongozo huu na mstari huo.